Ushahidi Unaoyeyuka

Sisi wa Kimwani, kusini ya Muleba, hatuna theluji. Ikweta iko jirani, migomba imetuzunguka, na baridi yetu kubwa ni ile ya alfajiri ukungu unapotoka ziwani. Lakini asikudanganye mtu, ndugu msomaji, kwamba barafu ya mbinguni hatuijui. Tunayo mvua ya mawe. Wingu la radi hupanda juu sana, hata maji yaliyomo yakaganda. Punje zile hurushwa juu na upepo, zikanenepa, kisha zikaanguka kabla hazijapata nafasi ya kuyeyuka. Ng'ambo ya Ziwa Victoria, huko Kericho, wakulima wa chai walisumbuliwa nayo mno, hata katika miaka ya 1960 mawingu yakapigwa kwa roketi ili kuyapunguza makali.

Kwa mtoto, siku hiyo ni sikukuu. Nakumbuka moja, nikiwa sijaanza shule. Bati lililia, mama akafoka, "Tokeni huko, yatawapasua vichwa!" Yalipopungua tu tukatoka mbio. Ua wote ulikuwa mweupe! Tuliyaokota, tukayatia mdomoni mpaka meno yakauma, tukarushiana. Mimi nikajaza kikombe cha bati nimwekee babu, aliyekuwa ng'ambo ya pili ya kijiji ambako halikuanguka hata jiwe moja. Aliporudi nikamwamkia, "Shikamoo babu," nikampa kikombe. Akachungulia. "Marahaba. Mbona haya ni maji, mjukuu wangu?"

Swali lile la babu lina historia ndefu. Tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyetokea Rabai karibu na Mombasa, aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Kiongozi wake wa njia hakuwa na jina jingine la kitu kile ila "baridi". Baadaye Rebmann aliandika habari alizozipata Uchagani: kwamba kitu kile chenye sura ya fedha, kilipoteremshwa bondeni, kilionekana kuwa maji matupu. Yaani Wachaga walikuwa wameshafanya uchunguzi wao, wakajua.

Huko London, mtaalamu wa jiografia William Desborough Cooley alikataa katakata. Theluji karibu na Ikweta? Haiwezekani! Yeye Afrika ya Mashariki hajaikanyaga, ila vitabu alikuwa navyo. Ubishi uliendelea hata Baron Karl Klaus von der Decken alipoupanda mlima kwa sehemu mwaka 1861 na tena 1862, akathibitisha. Miaka zaidi ya kumi na mitatu ilipita kabla neno la aliyeona halijashinda neno la aliyesoma.

Lugha yetu nayo ina ushahidi wake. Theluji ni neno lililotoka kwa Waarabu; barafu asili yake ni Kiajemi, na kwa Waajemi maana yake ni theluji yenyewe. Kwetu barafu ikawa ile ya kuganda, ya kuwekwa kwenye soda. Ndiyo maana mtoto akiona ua umekuwa mweupe hana jina la hakika. Septemba 2008, karibu na Nyahururu nchini Kenya, mteremko mzima ulifunikwa kwa weupe. Watu wakasema ni theluji, watoto wakaichezea na kuila. Wataalamu wa hali ya hewa wakaeleza kuwa ni mawe ya mvua yaliyoshikamana. Sawa. Lakini furaha ya wale watoto haikusubiri jina.

Hata hivyo furaha hiyo ina upande wa pili. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015, kule Mwakata, Kahama, mvua ya mawe iliua watu zaidi ya arobaini, nyumba zikawaangukia wakiwa wamelala. Na babu yangu, hakukiamini kikombe, ila alitoka akaenda shambani. Akakuta majani ya migomba yamechanika kama matambara, maua ya kahawa yamelala chini. Akasimama kitambo. Kisha akasema, "Sasa nimekuamini." Mimi nilikuwa nimeleta habari ya mchezo, yeye alikuwa ameisoma habari ya njaa. Sote wawili tulisema kweli.

Nayasema haya kwa sababu ile barafu ya Kilimanjaro nayo inakwisha. Zaidi ya robo tatu ya eneo lililopimwa mwaka 1912 imekwisha kutoweka. Siku itafika ambapo sisi tulioiona, hata kama ni kwenye picha ya kalenda tu ukutani, tutawasimulia wajukuu kwamba karibu na Ikweta palikuwa na theluji mwaka mzima. Watachungulia kikombe, wataona maji. Na shamba la kwenda kuangalia halitakuwapo. Kwa hiyo tuandike, vijana wenzangu, wakati bado meno yanauma.