Siri ya Mbinu na Siri ya Kifo: Vikosi vya Kupambana na Ugaidi na Familia Zilizo Nyuma Yavyo

Dola inayopigana na ugaidi ina haki ya kuficha mengi: njia za doria, majina ya wapashaji habari, saa ya kuvamia nyumba. Haina haki ya kuificha familia kifo cha mtu wake. Nchini Kenya siri hizi mbili zimefungwa katika furushi moja kwa muda mrefu, na mzigo wake umebebwa na watu wasiokula kiapo chochote: jamaa za askari aliyetumwa, na jamaa za mtu aliyefuatwa usiku. Nalitazama suala hili kutoka Kianjai, Tigania Magharibi, kando ya barabara ya Meru kwenda Maua. Vita vya Somalia haviko mbali na hapo. Miraa ya Meru huuzwa Mogadishu, na soko hilo lilipofungwa mwaka 2020 hadi 2022, uchumi wa Tigania na Igembe uliumia pamoja.

Tigania iliujua upelelezi wa siri kabla ya uhuru. Baada ya hali ya hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, maafisa wa Kiingereza waliunda magenge bandia: wapiganaji wa Mau Mau waliokamatwa au kujisalimisha waligeuzwa, wakarudishwa msituni kuwasaka wenzao. Frank Kitson, mmoja wa waasisi wa mbinu hiyo, aliiandikia kitabu mwaka 1960. Ian Henderson, afisa wa polisi, aliitumia katika msako uliomalizika kwa kukamatwa kwa kiongozi wa Mau Mau, Dedan Kimathi, mwezi Oktoba 1956. Kiongozi mwingine wa Mau Mau, Musa Mwariama wa Muthara, Tigania, hakukamatwa kamwe. Alitoka msituni mwenyewe uhuru ulipofika.

Mbinu ilisimuliwa vitabuni baada ya miaka michache tu. Kilichobaki gizani ni mateso ya raia. Zaidi ya watu milioni moja, wengi wao Wagikuyu, pamoja na Waembu na Wameru, walihamishiwa vijiji vya kulazimishwa. Majalada ya Kikoloni yaliyofichwa Hanslope Park, Uingereza, yalijulikana kwa umma mwaka 2011 tu, tena kwa nguvu ya kesi ya wazee waliokuwa wakidai haki. Mwezi Juni 2013 serikali ya Uingereza ikakubali kuwalipa wadai 5,228 pauni milioni 19.9. Nusu karne ilikuwa imepita, na wengi waliostahili kusikia neno la majuto walikuwa wamekwisha kufa. Siri isiyowekewa ukomo iliwalinda watesaji kuliko ilivyomlinda askari yeyote.

Januari 2016 Kenya huru iliirudia tabia hiyo. Alfajiri ya tarehe 15, Al-Shabaab waliivamia kambi ya jeshi la Kenya, KDF, iliyokuwa El Adde, eneo la Gedo nchini Somalia, chini ya AMISOM, ujumbe wa Umoja wa Afrika. Serikali haikutoa idadi ya waliouawa. Rais wa Somalia, Hassan Sheikh Mohamud, alisema kwenye televisheni kwamba walikuwa kati ya 180 na 200. CNN, baada ya uchunguzi wake, ikakadiria wasiopungua 141. Mwaka uliofuata, baada ya shambulio la tarehe 27 Januari katika kambi ya Kulbiyow, pia nchini Somalia, jeshi lilitaja askari 9, na Al-Shabaab wakadai zaidi ya 50. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba idadi humpa adui moyo. Siikubali. Adui ndiye aliyebaki uwanjani El Adde. Aliwahesabu maiti na mateka kwa macho yake, akapiga filamu na kuisambaza. Aliyefichwa ni mama aliyekuwa akingoja simu.

Kungoja huko kuna gharama ambayo wachambuzi wa usalama huipita haraka. Mwili usipopatikana, hakuna kibali cha maziko. Bila cheti cha kifo, mjane hawezi kufungua kesi ya mirathi hata akipewa barua ya chifu yenye orodha ya warithi. Shamba linabaki kwa jina la asiyejulikana aliko. Shemeji huanza kuulima mpaka wake, na mwanamke asiyekuwa na karatasi hana la kumwonyesha. Kifungu cha 118A cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu mtu achukuliwe kuwa amekufa asiposikika kwa miaka saba. Kwa mtu aliyetoweka El Adde, miaka hiyo ilitimia Januari 2023. Mtoto aliyeachwa akiingia darasa la kwanza alikuwa amekwisha kumaliza la saba, na mama yake bado hakuwa mke wala mjane.

Upande wa pili wa siri hii uko Mombasa, Lamu na Garissa. Mwezi Agosti 2020, Declassified UK ilichapisha uchunguzi wa Namir Shabibi kuhusu kikosi kilichoitwa Rapid Response Team, kilichotolewa katika kampuni ya Recce ya GSU, kikosi maalumu cha polisi wa Kenya. Kwa mujibu wa uchunguzi huo, CIA ilikifunza na kukipa vifaa tangu 2004, nalo shirika la ujasusi la Uingereza, MI6, likashiriki kuwatambua waliolengwa. Umma uliijua Recce kwa ushujaa wake: tarehe 2 Aprili 2015, katika Chuo Kikuu cha Garissa walikouawa watu 148, ndio waliolimaliza shambulio ndani ya muda mfupi baada ya kufikishwa, wakiwa wamecheleweshwa kwa saa nyingi. Tunaweza kuheshimu kazi ile na bado tukauliza nani anamjibu mjane wa mtu aliyepigwa risasi mlangoni pake, na wapiga risasi hawana majina, hawana sare ya kutambulika, wala hakuna ofisi inayokiri kuwatuma.

Ofisi isiyokiri kuua ndiyo hiyo hiyo isiyokiri kufiwa. Operesheni ikishakanwa, askari aliyefia ndani yake naye amekanwa. Kwa sababu hiyo naona makosa kuipambanisha familia ya askari wa Kianjai na familia ya mtuhumiwa wa Majengo, Mombasa. Zote mbili zinadai kitu kimoja: nani amekufa, wapi, lini, mwili uko wapi, na nani atatoa maelezo mbele ya mamlaka isiyohusika.

Wapo watakaosema, na wana sababu, kwamba kutaja majina ya makomando ni kuwaanika wake na watoto wao kwa walipiza kisasi. Lakini kumwambia mzazi si kutangaza gazetini. Afisa anaweza kufika nyumbani na barua iliyotiwa sahihi, na jina lisitamkwe hadharani kamwe. Wazee wa Njuri Ncheke, baraza la jadi la Wameru, ambao makao yao yako Nchiru, karibu na Kianjai, huapa kutotoa nje mashauri ya baraza lao. Hata hivyo hukumu huwafikia wahusika. Siri yao haiwazuii kujibu.

Sheria nayo haikukosekana. Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 inampa raia haki ya habari zilizo mikononi mwa dola, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ingawa inakinga usalama wa taifa, inaruhusu kinga hiyo kupimwa dhidi ya maslahi ya umma. Mkataba wa kimataifa dhidi ya utowekaji wa kulazimishwa Kenya iliutia sahihi Februari 2007, bila kuuridhia katika miaka mingi iliyofuata. Bunge lilipitisha mwaka 2017 sheria ya kuunda huduma ya taifa ya uchunguzi wa vifo vya mashaka, kisha utekelezaji ukakwama. Huduma hiyo ikipewa bajeti na wataalamu, ifanye kazi kwa masharti mawili: kila kifo kilichotokea mikononi mwa kikosi cha siri, au ndani ya kikosi hicho, kiletwe mbele yake katika muda uliowekwa, na kikao kifungwe kwa waandishi pale mbinu zinapojadiliwa, lakini kisifungwe kamwe kwa jamaa wa marehemu.