Mungu Jua wa Arinna: Historia Fupi na Funzo kwa Wafasiri

Katika masomo ya tafsiri na ya utunzi swali moja hurudi mara kwa mara: mungu wa kike wa jua aitweje kwa Kiswahili? Wanafunzi wanaobuni hadithi za viumbe wa sayari nyingine hukutana nalo, na wanaofasiri visasili vya mataifa ya kale hukutana nalo pia. Baadhi huandika "mungu mke", baadhi "mungu wa kike". Wengine hutosheka na "mungu jua", kisha huendelea na kiambishi "a-" hadi mwisho wa matini, na msomaji asijue kamwe kwamba anayesimuliwa ni mwanamke. Katika makala haya tunalitazama swali hilo kupitia historia ya Wahiti, ambao lugha yao ilifanana na yetu katika jambo hili.

Wahiti walitawala sehemu kubwa ya nchi ambayo leo ni Uturuki, kuanzia karne ya 17 hadi mwanzoni mwa karne ya 12 K.K. Mji wao mkuu ulikuwa Hattusa. Mwaka 1906 uchimbaji ulioongozwa na Hugo Winckler ulianza kufukua maelfu ya vibao vya udongo vilivyoandikwa kwa hati ya kikabari, na mwaka 1915 Bedřich Hrozný alitangaza kwamba Kihiti ni lugha ya jamii ya Kihindi-Kiulaya. Hata hivyo, kinyume na dada zake wengi, Kihiti hakikugawa nomino kuwa za kike na za kiume. Kilikuwa na makundi mawili tu: moja la watu, miungu na vinginevyo vingi, na jingine la vitu visivyo na uhai. Mwalimu wa Kiswahili hatashangaa. Nasi tunasema "jua limechomoza", lakini jua likipewa nafsi katika kisasili husemwa "Jua amechomoza", bila sarufi kutueleza kama ni mume au mke. Kinyarwanda na Kirundi nazo huliweka "izuba" katika ngeli isiyogusa jinsia.

Pamoja na hayo, mlezi mkuu wa dola ya Wahiti alikuwa mungu jua wa kike wa mji mtakatifu wa Arinna. Asili yake ilikuwa kwa Wahatti, wenyeji walioishi huko kabla, na mumewe alikuwa mungu wa radi na mvua. Mfalme Mursili wa Pili, aliyetawala mwishoni mwa karne ya 14 K.K., anaeleza katika kumbukumbu za utawala wake kwamba alipopanda kitini maadui walimdharau kwa udogo wa umri, naye akamwendea mungu huyo kwanza kabla ya kwenda vitani. Tauni ilipoangamiza watu, mfalme huyo huyo alimwomba tena.

Je, msomaji wa vibao alijuaje kwamba ni mwanamke? Waandishi walilitaja jua kwa alama waliyoiazima kwa Wasumeri, ambao mungu jua wao, Utu, alikuwa mwanamume. Basi wakaongeza jina la mji, Arinna, ili kumtofautisha na mungu jua wa mbinguni, ambaye alikuwa wa kiume. Aidha, walimpa vyeo vya kike. Kihiti kiliunda maneno hayo kwa kiambishi tamati: "hassu" ni mfalme, "hassussara" ni malkia. Kwa hiyo jinsia, ambayo sarufi haikuibeba, ilibebwa na cheo.

Uzito wa jambo hili ulionekana katika diplomasia. Mnamo 1259 K.K., takriban miaka 15 baada ya vita vya Kadesh, Hattusili wa Tatu wa Wahiti na Ramesses wa Pili wa Misri walifunga mkataba wa amani. Lugha ya mawasiliano baina ya dola hizo ilikuwa Kiakadi, ambacho hakikuwa lugha ya mama ya upande wowote. Kibao cha fedha kilichopelekwa Misri kilikuwa na mihuri miwili: wa mfalme na wa malkia Puduhepa. Kwenye muhuri wa malkia alichorwa mungu wa kike akimkumbatia mwanamke, yaani malkia mwenyewe. Malkia wa Wahiti alikuwa kuhani wa Mungu Jua wa Arinna, na mamlaka yake yaliambatana na ukuhani huo.

Wafasiri wa Misri walipouchonga mkataba huo kwa Kimisri ukutani Karnak, walieleza picha hiyo kuwa ni ya mwanamke. Lakini walipofika kwenye jina la jua la Arinna waliandika Ra, mungu jua wa kwao, ambaye ni wa kiume. Kila neno lilikuwa na kisawe chake, na bado kiini kilipotea. Anayesoma jina hilo pekee haoni kwa nini mwanamke aliweka muhuri kwenye mkataba wa madola mawili.

Puduhepa mwenyewe alikuwa makini zaidi. Katika sala yake alimwambia mungu huyo kwamba katika nchi ya Hatti anaitwa Mungu Jua wa Arinna, na katika nchi ya mierezi anaitwa Hebat, mungu wa kike wa Wahurri. Alitafuta kisawe kilichohifadhi jinsia na cheo, ingawa Hebat hakuwa mungu jua.

Mfano mwingine uko karibu nasi. Kwa Wairaqw wa kaskazini mwa Tanzania, Looa ni jina la Mungu na la jua pia, naye ni wa kike. Lugha yao ya Kikushi huonyesha jinsia katika sarufi. Mfasiri akiandika "Mungu" na kuishia hapo, hajasema uongo, ila ameficha habari muhimu.

Tunapendekeza basi kwamba mwanafunzi ataje jinsia mapema, kwa "mungu wa kike" au "mungu mke", kisha aikumbushe kwa vyeo kama "malkia", "mama" na "bibi" pale "a-" inaponyamaza. Waandishi wa Hattusa walifanya vivyo hivyo zaidi ya miaka 3,000 iliyopita.