Maswali ya Sebuleni na Nafsi ya Mtu

Katika muongo wa 1860 ulizuka mchezo mmoja katika sebule za watu wenye nafasi huko Uingereza. Mwenyeji, na aghalabu alikuwa binti wa nyumba, aliweka mezani daftari lililojalidiwa vizuri, na kila mgeni aliombwa ashike kalamu aandike majibu yake chini ya maswali yaliyokwisha kupigwa chapa. Ua gani ulipendalo? Rangi gani? Sifa ipi uitakayo kwa mwanamume, na ipi kwa mwanamke? Furaha kwako ni nini, na mashaka kwako ni nini? Kama usingalikuwa wewe, ungalipenda kuwa nani? Daftari hilo liliitwa kitabu cha maungamo. Jina lilikuwa zito kuliko kazi yake, maana hapakuwa na kasisi wala toba. Palikuwa na chai, vicheko, na macho ya wageni wengine waliongojea zamu zao.

Daftari hili lilikuwa na mababu. Tangu katikati ya karne ya 16 wanafunzi wa vyuo vya Ujerumani, na hasa wa Wittenberg, walichukua vitabu vidogo ambamo walimu na rafiki zao walitia sahihi pamoja na maneno machache ya hekima. Lakini katika vitabu vile mtu alimwachia mwenziwe mawaidha. Hakuulizwa habari zake mwenyewe. Jambo jipya la karne ya 19 lilikuwa ni swali. Swali likiisha kupigwa chapa, watu wote huulizwa jambo moja kwa maneno yale yale, na majibu yao huweza kuwekwa ubavu kwa ubavu yakalinganishwa. Mwaka 1869 daftari la namna hiyo lilitolewa New York kwa jina lenye maana ya picha za akili, nalo lilikuwa na nafasi ya kubandika picha ya mtu kando ya majibu yake. Ilidhaniwa kuwa kama kamera inavyounasa uso, ndivyo maswali yawezavyo kuunasa moyo. Mwaka ule ule Mark Twain aliufanyia mtindo huo dhihaka gazetini: alipofika penye swali la mti aupendao, alisema ni wowote uzaao tunda lililokatazwa.

Wala waliocheza hawakuwa watu wepesi tu. Mwaka 1865 binti zake Karl Marx walimkalisha baba yao chini wakamhoji kwa maswali hayo. Miaka miwili baadaye ndipo alipotoa juzuu ya kwanza ya kitabu chake kikubwa juu ya mtaji. Alijibu kwamba furaha kwake ni kupigana, mashaka ni kunyenyekea, rangi aipendayo ni nyekundu, na kazi aipendayo ni kuchimbua vitabu. Kufikia hapo msomaji humwona Marx yule yule wa vitabuni, ndevu na yote. Lakini aliulizwa pia chakula akipendacho, akasema samaki. Jibu hilo dogo, ambalo halina nadharia ndani yake, huenda ndilo pekee ambalo halikuandikwa na Marx wa hadhara, bali na baba aliyezoeleka na watoto wake. Rafiki yake, Friedrich Engels, alipojibu mwaka 1868 aliandika kuwa furaha ni mvinyo wa Château Margaux wa mwaka 1848, na mashaka ni kwenda kwa mganga wa meno. Mwenye kutafuta falsafa katika jibu hilo atapoteza wakati wake, isipokuwa akumbuke kuwa 1848 ndio mwaka ambao moto wa mapinduzi ulitambaa Ulaya nzima. Je, Engels aliusifu mvinyo au aliyasifu mapinduzi? Mzaha una faida hiyo: msemaji hujificha ndani yake, akaacha ncha ya vazi lake nje.

Kwa Oscar Wilde mchezo huu ulikuwa na uchungu ambao yeye mwenyewe hakuuona. Mwaka 1877, akiwa mwanafunzi wa Oxford, alijaza daftari la namna ile ile ya New York. Alipoulizwa lengo la maisha yake alijibu kuwa ni kufanikiwa, au kupata sifa, au hata kujulikana tu kwa ubaya. Na mashaka makuu, alisema, ni kuishi maisha ya kimaskini yenye heshima katika kijiji kisichojulikana. Haya ni majibu ya kijana mwenye majivuno na ulimi mwepesi, na waliokuwapo bila shaka walicheka. Mwaka 1895 jina lake lilivuma kwa namna ambayo hakuikusudia, akahukumiwa kifungo cha miaka miwili pamoja na kazi ngumu. Na mwaka 1900 alifariki Paris, maskini, akiwa amejificha chini ya jina la kupanga. Si haki kusema kuwa kijana yule alijitabiria. Neno lililosemwa kwa mchezo halina hatia ya yaliyofuata. Walakini ni vigumu kulisoma daftari lile leo bila ya kuona kuwa katika masikhara yake alikuwa ameutaja ukweli mmoja, yaani kwamba alichokiogopa zaidi ya aibu ni kutotazamwa.

Mtu ambaye jina lake limeshikamana na maswali haya kuliko wengine wote ni Marcel Proust, Mfaransa, aliyezaliwa mwaka 1871. Hakuyatunga yeye. Katika muongo wa 1880, alipokuwa bado mvulana wa shule, aliyajibu katika daftari la rafiki yake Antoinette Faure, binti wa Félix Faure ambaye mwaka 1895 alikuwa rais wa Ufaransa. Daftari lenyewe lilikuwa la Kiingereza, kwa kuwa mtindo ulikuwa umevuka bahari, naye akajaza majibu yake kwa Kifaransa. Furaha, alisema, ni kuishi karibu na wale awapendao, penye uzuri wa maumbile, na vitabu vingi, na mahali pasipokuwa mbali na tamthilia. Alipoulizwa angalitaka kuwa nani, alijitetea kwanza kwa kusema kuwa halazimiki kujiuliza swali hilo, kisha akakiri kwamba angalipenda kuwa Plinius Mdogo, yule Mroma maarufu kwa barua zake. Na mashaka? Mashaka ni kutengwa na mama.

Miaka michache baadaye, alipokuwa na umri wa kama miaka 20, aliulizwa tena. Sasa majibu ni ya mtu aliyejifunza kukwepa. Sifa yake kubwa, asema, ni haja ya kupendwa, tena kudekezwa zaidi ya kustahiwa. Kasoro yake kubwa ni kutojua na kutoweza kutia nia. Rangi aipendayo? Uzuri haumo katika rangi bali katika kupatana kwa rangi. Lakini mama angalimo: mashaka makubwa yangalikuwa kutomjua mama yake wala bibi yake. Mama huyo alifariki mwaka 1905. Mwaka 1913 Proust alitoa juzuu ya kwanza ya riwaya yake ndefu juu ya wakati uliopotea, na karibu na mwanzo wake yumo mtoto kitandani asiyeweza kulala kwa sababu mama hajapanda kuja kumbusu. Jambo ambalo mvulana alilimaliza kwa maneno machache katika daftari la rafiki, mtu mzima alilianza upya, na halikumtoka mpaka alipokufa mwaka 1922.

Hapa pana jambo la kufikirisha. Mnamo miaka ya 1908 na 1909 Proust aliandika hoja dhidi ya mhakiki Sainte-Beuve, nazo zilipigwa chapa mwaka 1954, muda mrefu baada ya kifo chake. Sainte-Beuve alishika kwamba ili kukijua kitabu sharti umjue mwandishi: tabia zake, rafiki zake, mazungumzo yake. Proust alikataa. Kwa maoni yake kitabu ni kazi ya nafsi nyingine, siyo ile tunayoitembeza barazani na katika karamu. Ikiwa ni hivyo, basi orodha ya maswali ya sebuleni iliyopewa jina lake imepewa jina la mtu ambaye asingaliikubali kuwa njia ya kumjua. Historia hufanya mizaha yake pia.

Katika kitendawili anayetega analijua jibu, na anayeshindwa hutoa mji. Mchezo umefungwa pande zote mbili. Katika daftari la maungamo muulizaji hajui, na aghalabu mjibuji naye hajui mpaka kalamu iguse karatasi. Ndiyo maana watu waliofahamu sana kuficha mambo yao walikubali kucheza.

Mchezo huu ukapata ndugu asiyecheka. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza mtaalamu wa elimu ya nafsi wa Marekani, Robert Woodworth, alitunga maswali zaidi ya 100 ya kujibiwa ndiyo au siyo, ili kuwatambua mapema askari ambao akili zao zisingestahimili vishindo vya vita. Waliulizwa kama hulala vema, kama hujiona wazima na wenye nguvu. Vita vilikwisha kabla maswali hayo hayajatumika sana, lakini tangu hapo maofisi, shule na majeshi wamezoea kumpima mtu kwa karatasi. Tofauti ni kubwa. Sebuleni mtu aliweza kudanganya kwa uzuri, na uongo wake ukawa sehemu ya habari zake. Mbele ya karatasi ya jeshi uongo ni kosa.

Ule wa sebuleni nao haukufa. Mwaka 1924 mwana wa Antoinette, André Berge, aliyatoa hadharani majibu ya mvulana Proust. Katika kipindi chake cha televisheni cha miaka ya 1991 hadi 2001 Bernard Pivot aliwauliza wageni wake, mbele ya Ufaransa nzima, maswali aliyoyatunga kwa mfano ule: neno ulipendalo, neno ulichukialo, sauti uipendayo. Mmarekani James Lipton aliyachukua kwa waigizaji wa sinema tangu mwaka 1994. Wageni hawa walikuja wakijua wataulizwa nini, na wengi walikuja na majibu mfukoni.

Mwaka 2003 mswada wa majibu ya Proust uliuzwa mnadani Paris kwa euro 102,000. Katika yale majibu ya umri wa miaka 20 liko swali la ndoto yake ya furaha. Aliandika kuwa hana ujasiri wa kuisema, kwa hofu kwamba akiisema ataiharibu.