Ndosho: historia fupi ya umeme, koltani na kompyuta inayozima katikati ya mchezo

GOMA – Kijana anacheza mpira kwenye kompyuta. Dakika za mwisho skrini inageuka nyeusi, mashine inazima, kisha inawaka upya. Mmoja anasema ni virusi, mwingine anasema mchezo wenyewe ni mbovu. Lakini mtaani Ndosho, tarafa ya Karisimbi, kwenye barabara ya kwenda Sake, mara nyingi jibu liko ukutani, kwenye prizi. Na prizi hiyo ina historia yake.

Kwa miaka mingi Goma iliutegemea umeme wa SNEL unaotoka kwenye mabwawa ya mto Ruzizi, upande wa Bukavu. Mji ulikua haraka, vita vilileta watu wengi, lakini nyaya zilibaki chache. Wakaaji wakazoea delestaji: leo kuna kura, kesho hakuna. Desemba 2015 bwawa la Matebe, lenye nguvu ya zaidi ya megawati 13, lilizinduliwa Rutshuru, na baadaye umeme wa Virunga ukafika Goma. Mwaka 2020 kampuni ya Nuru ilianza kutoa umeme wa jua hapa Ndosho, megawati 1.3. Taa ziliongezeka, na vyumba vya michezo vikapata uhai.

Kuna historia nyingine inayopita barabara ileile. Machi 2000, mashine ya michezo ya PlayStation 2 ilianza kuuzwa Japani. Simu na kompyuta nazo zilikuwa zinaongezeka duniani, na wanunuzi wakaogopa kwamba tantali itakosekana. Tantali hutoka katika koltani. Bei ilipanda mara nyingi kabla mwaka huo haujaisha. Masisi na kwingineko Kivu, watu waliacha mashamba, na watoto wakaacha shule, wakaenda kuchimba. Mnamo Novemba, RCD iliyotawala Goma iliipa kampuni moja, SOMIGL, haki ya pekee ya kuuza koltani nje. Mwaka 2001 bei ikaanguka. Wachimbaji wakabaki na mashimo, wenye silaha wakabaki na silaha zao.

Tantali hufanya nini ndani ya mashine? Hutengeneza kapasita, kifaa kidogo kinachoweka akiba ya umeme na kuutoa pale unapopungua, ili kompyuta ipate umeme uliotulia. Yaani jiwe la Rubaya linatuliza umeme ndani ya kompyuta, huku nje, karibu na Rubaya, umeme wenyewe haujatulia.

Hata hivyo akiba hiyo ni ndogo. Umeme wa ukutani ukishuka sana, kisanduku cha umeme cha kompyuta hakivumilii hata sehemu ya ishirini ya sekunde. Mchezo mzito ndio unaoonyesha udhaifu huo, kwa sababu kadi ya picha huvuta umeme mwingi kwa ghafla. Skrini za kisasa zinaongeza mzigo: ile ya kawaida hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, ya wachezaji mara 144 au zaidi, na kadi huchora picha nyingi zaidi mchezo ukifuata kasi hiyo.

Ndiyo maana fundi mwenye busara haanzi kwa kununua kifaa kipya. Kwanza anashusha skrini hadi 60 na kuweka kikomo cha picha ndani ya mchezo. Mashine ikiacha kuzima, tatizo ni mzigo: umeme au joto. Anapuliza vumbi la mawe ya volkano lililoziba feni, anapima umeme wa prizi saa za jioni wakati mtaa mzima unapika na kuwasha taa, na anaweka stabilizateri. Mchezo ukifunga peke yake lakini kompyuta ikabaki inawaka, huenda tatizo ni programu ya kadi ya picha, memori au mchezo wenyewe.

Tabia ya kupima kwanza ina faida hata nje ya mchezo. Mnamo Januari 2025, vita vilipofika Goma, umeme ulikatika sehemu kubwa ya mji. Pampu za maji zikasimama, raia wakateka maji ziwani. Mwezi uliofuata, kambi za wahami za Bulengo na Lushagala, magharibi mwa mji, zilivunjwa. Baadhi ya waliolala humo walitoka Masisi, kwenye milima ya koltani.

Mchezo ukikatika, kijana anaanza upya. Kwa mama mwenye mtoto mgonjwa, au mhami anayetafuta simu yenye chaji ili ajue kama jamaa zake wako hai, umeme ukikatika hakuna kuanza upya. Umeme uliotulia ni haki ya wote wawili, na sehemu ya jiwe linaloutuliza duniani inatoka kwao.