Stempu Zilizoichoma Boston

Vita vya Miaka Saba viliiachia Uingereza deni kubwa. Mwaka 1765 Bunge lake likatunga Sheria ya Stempu kwa makoloni ya Amerika: magazeti, hati za mahakama, leseni, hata karata na dadu, vyote vilipiwe ushuru wa stempu.

Boston ikawaka. Agosti 14 sanamu ya Andrew Oliver, aliyeteuliwa kugawa stempu hizo, ilitundikwa mtini. Usiku umati ukabomoa jengo lake na kuvamia nyumba yake. Kesho yake akaahidi kujiuzulu. Nani tena angeitaka kazi ile?

Wafanyabiashara nao wakasusia bidhaa za Uingereza. Machi 1766 sheria ilifutwa, lakini siku hiyohiyo mfalme aliidhinisha nyingine, iliyotangaza kuwa Bunge lina mamlaka juu ya makoloni katika kila jambo.