Kufuli ya Sindano na Kufuli ya Bunduki

Wadau, leo tuweke programu kando kidogo, tuzungumze historia ya kufuli.

Tarehe 13 Agosti 1997 wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, mlango wa Pwani Kusini. Polisi sita waliuawa na ghala la silaha likaporwa. Bunduki hizo zikatumika katika mashambulizi dhidi ya watu wa bara, Likoni na sehemu za Kwale. Bunduki haimjui mwenyewe. Ikishatoka ghalani, humtii yeyote aliyeishika.

Sindano za zamani nazo zilikuwa hivyo hivyo: zilikubali kuchoma mgonjwa wa pili, wa tatu, wa kumi. Mwaka 1984 Mwingereza Marc Koska alisoma gazetini jinsi sindano zinazorudiwa zitakavyoeneza virusi vya UKIMWI. Akabuni sindano ya K1. Ndani ya bomba kuna kizuizi kidogo: ukishasukuma dawa yote, fimbo inakwama, na ukiivuta kwa nguvu inakatika. Akaichukulia hataza, yaani haki ya mvumbuzi kisheria. Ujanja wake mwingine ni kwamba viwanda viliweza kuitengeneza kwa mashine zile zile. Hata hivyo, ilimchukua miaka 17 kuuza ya kwanza.

Mwaka 1999 WHO, UNICEF na UNFPA walitaka chanjo zote zitolewe kwa sindano zinazojifunga ifikapo mwisho wa 2003. Leo sindano za aina hiyo zinatengenezwa hapa hapa Pwani, katika kiwanda cha Revital, Kilifi.

Na bunduki je? Itifaki ya Nairobi ya 2004 inazitaka serikali kuzitia alama na kuzihifadhi salama. Makabati yanayofunguka kwa alama ya kidole yapo, na hataza zake ni nyingi. Lakini tazama tofauti: kufuli ya Koska imo ndani ya kifaa chenyewe, ya kabati iko nje. Kabati likivunjwa, bunduki bado nzima.

Hadi 1990 Kenya haikuwa na ofisi yake ya kutoa hataza. Mvumbuzi wa Msambweni au Ukunda alilazimika kuipata Uingereza kwanza, ndipo aisajili hapa. Siku hizi anaiomba KIPI, Nairobi. Njia imefupika. Kazi iliyobaki ni bunduki ambayo mwizi akiiba, ameiba chuma tu.