Jani la tumbaku, mbu na chanjo: historia inayoanzia Newala (Sehemu ya 4)

Tangu nianze huu mfululizo wa chanjo, kuna swali linarudi kila mara: "Nesi, eti kuna chanjo za magonjwa ya mbu zinatengenezwa kwa tumbaku? Si tunayo shambani?" Kwetu Katavi, ambako mabani ya kukaushia tumbaku tunayapita kila siku, swali hili ni la haki kabisa. Majibu yake yanaanzia mbali kidogo.

Mwaka 1952 homa ngeni ililipuka huko Newala, kwenye uwanda wa juu wa Makonde. Watu walipata homa ya ghafla na maumivu ya viungo makali mno, mpaka mtu mzima anatembea amejikunja. Wenyeji wakaiita kwa Kimakonde chikungunya, yaani ile inayokunja. Mwaka 1955 Marion Robinson na W.H.R. Lumsden waliuandika ugonjwa huo kwenye majarida ya kitabibu. Mtafiti R.W. Ross naye alikipata kirusi chenyewe kwenye damu ya mgonjwa. Leo dunia nzima inatumia jina hilo la Kimakonde.

Na si hicho tu. Virusi vya West Nile viligunduliwa Uganda mwaka 1937. Virusi vya Zika vilipatikana mwaka 1947 kwenye msitu wa Zika, karibu na Entebbe. Yaani magonjwa haya yametambuliwa kwenye ardhi yetu, kwa damu ya watu wa kwetu na ya wanyama. Lakini chanjo ya kwanza ya chikungunya iliidhinishwa Marekani Novemba 2023. Hesabu mwenyewe: zaidi ya miaka 70! Sababu moja ni pesa. Chanjo ni ghali kuitengeneza, na ugonjwa unaowapata zaidi watu wasio na fedha hauwavutii wenye viwanda.

Hapo ndipo mimea inapoingia. Chanjo ya homa ya manjano, aliyoitengeneza Max Theiler na wenzake miaka ya 1930, mpaka leo hukuzwa kwenye mayai ya kuku. Wanasayansi wakajiuliza: kwa nini jani lisifanye kazi ya yai? Mwaka 1992 watafiti wa Marekani walifanikiwa kuufanya mmea wa tumbaku utengeneze protini ya kirusi cha homa ya ini B.

Inafanyikaje? Wanachukua kipande kidogo cha maelekezo ya kirusi, yale ya kutengeneza ganda lake tu. Wanakipachika kwenye bakteria wa udongoni, kisha bakteria hao wanaingizwa kwenye majani. Kwa siku chache jani linatengeneza hiyo protini. Halafu majani yanavunwa, yanasagwa, na protini inachujwa na kusafishwa mpaka kisibaki kitu cha tumbaku. Mmea unaotumika sana ni ndugu wa tumbaku kutoka Australia, siyo huu tunaouza sokoni.

Kwa njia hii, watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona State walitengeneza protini ya Zika, na mwaka 2018 wakaonyesha kwamba iliwakinga panya. Februari 2022 Kanada ikaidhinisha chanjo ya UVIKO-19 ya kampuni ya Medicago iliyotengenezwa kwenye majani. Lakini Shirika la Afya Duniani halikuipitisha, kwa sababu kampuni ya sigara Philip Morris ilikuwa na hisa humo. Mwaka uliofuata Medicago ikafungwa. Kwa hiyo njia imeonekana inafanya kazi, ila kwa magonjwa ya virusi vya mbu bado hakuna chanjo ya mimea iliyoruhusiwa kwa binadamu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Hapa jani ni kiwanda, siyo dawa. Tumbaku ya shambani haina chanjo yoyote, ina nikotini, na nikotini ni sumu kwa mtoto. Usimchemshie, usimkamulie, usimpake.

Mtoto akipata homa, mlete kituoni siku hiyo hiyo apimwe malaria kwanza. Malaria ikikosekana, usiseme "basi hana kitu", rudi umwambie mhudumu kama homa inaendelea. Usimpe aspirini wala diklofenaki kwa kujinunulia dukani, kwa sababu ikiwa ni dengue zinaweza kuongeza kutokwa damu. Akipata degedege, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu au akilala usingizi usio wa kawaida, usisubiri asubuhi.

Mbu wa chikungunya, dengue na Zika anauma mchana na anazaliana kwenye maji yaliyotuama nyumbani. Funika ndoo na mapipa, mwaga maji ya kwenye matairi na makopo, na kichanga kilale ndani ya chandarua hata saa sita mchana. Chanjo ya jani ikija tutaipokea. Kwa leo, kinga iliyo mikononi mwako ni mfuniko wa ndoo.

Mtumie na jirani yako mwenye mtoto mchanga. Sehemu ya 5 itahusu surua.